Chuma cha tela: cha mtumba ukifunge mwenyewe, au kipya cha kuchomelewa?

Msimu wa korosho mwaka juzi, mimi na shemeji yangu tulichoka kwa pamoja. Tulichoka kubembeleza gari za watu, tukachoka kugombania kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, siku ambayo kila mkulima anataka kirikuu. Kila mmoja akaamua kuweka tela nyuma ya gari lake. Yeye anakaa Lindi mjini na shamba lake liko njia ya Mtama. Mimi niko Mtwara, Magomeni, shamba liko Nanguruwe. Magari yetu ni mapacha: RAV4 ya kizazi cha pili, ile iliyotoka kuanzia 2000 hadi 2005, milango mitano, tairi la akiba mgongoni. Yeye alikwenda kwa mchomeleaji akaundiwa chuma kipya cha kuvutia tela. Mimi nilitafuta cha mtumba nikakifunga mwenyewe uani, Jumamosi nzima na Jumapili mpaka adhuhuri.

Gari moja, mzigo uleule, chumvi ileile ya bahari, misimu miwili. Hatukupanga kufanya jaribio, lakini jaribio limejifanya lenyewe. Nitasema mapema niko upande gani: kwa gari la aina yetu, chuma cha mtumba kilichoundwa kwa ajili ya gari hilohilo kinakishinda kipya cha kuchomelewa, hata kama cha mtumba kina kutu na kipya kinang'aa. Ila katika kufunga kuna kazi moja nilijifanya naijua, na hiyo leo ningemlipa mtu.

Hesabu safari kwanza

Kuna njia ya tatu ambayo fundi hatakutajia kwa sababu yeye haimpi kazi: usifunge chochote, kodi kirikuu. Kama mwaka wako mzima una safari mbili tatu za kupeleka korosho ghalani na siku moja ya saruji na mabati, kodi, usome mambo mengine. Tela lina tairi zake za kununua, lina beringi za kupaka grisi, linataka mahali pa kulala, na nalo husajiliwa likapewa namba yake. Na lina kurudi nyuma. Asiyewahi kurudisha tela nyuma ajue kwamba usukani unakata kulia ili tela liende kushoto, na majirani wote hutoka kutazama.

Mimi nilihesabu safari zangu nikakuta zinazidi thelathini kwa mwaka, nyingi zikiwa za maji ya kumwagilia miche. Hapo tela lina maana. Shemeji alihesabu za kwake akakuta kumi na mbili. Nilimwambia, "Shemeji, kodi." Akasema mwanaume hawezi kukaa na gari lisilo na mkia. Basi.

Gari linashikwa wapi

Swali la kwanza si unene wa chuma. Swali ni chuma kinalishika gari mahali gani.

Hilux, Land Cruiser na wenzake wana chesisi yao: mihimili miwili ya chuma inayotoka mbele hadi nyuma, bodi imekalishwa juu yake. RAV4, Harrier, X-Trail na karibu magari yote madogo hawana kitu hicho. Bodi yenyewe ndiyo chesisi. Chini ya sakafu ya buti kuna maboksi mawili marefu ya bati lililokunjwa, moja kila upande, na hayo ndiyo mafundi wetu huyaita chesisi wakilala chini ya gari. Ukigonga kwa kifundo cha kidole yanalia kama debe, kwa sababu ni matupu ndani.

Chuma kilichoundwa na kiwanda kwa ajili ya gari kama hilo kina mikono miwili mirefu. Kila mkono unalala kando ya boksi lake na kushikwa kwa boliti kadhaa, zilizotawanyika kufuata urefu wa boksi. Mara nyingi boliti hizo huingia kwenye nati ambazo kiwanda cha gari chenyewe kilizichomelea ndani ya boksi kabla bodi haijapakwa rangi. Ukivuta, nguvu inatandazwa kwenye bati refu. Ukifunga breki, tela linakusukuma na nguvu inarudi kwa njia ileile.

Nguvu hiyo ina hesabu yake, na kibandiko cha kwenye chuma cha Ulaya huitaja kwa herufi D, kwa kilonyutoni. Unazidisha uzito wa gari lililojaa kwa uzito wa tela lililojaa, unagawa kwa jumla yao, kisha unazidisha kwa 9.81. Gari letu tuseme ni tani 1.8 likiwa na watu na mizigo, tela na korosho ni tani 0.7. Jibu ni karibu 4.9. Kibandiko cha chuma changu kinasema D ni zaidi ya 7, kwa hiyo nina nafasi. Kuna herufi nyingine, S, ambayo ni kilo ambazo kichwa cha chuma, lile tufe ambalo kikombe cha tela hulikalia, kinaruhusiwa kukandamizwa kutoka juu. Kwangu ni 75.

Hizo kilo za juu watu huzidharau. Kichwa cha chuma kiko karibu mita moja nyuma ya ekseli ya nyuma, na kati ya ekseli mbili za RAV4 yetu kuna mita 2.5 hivi. Ukiweka kilo 60 pale nyuma, ekseli ya nyuma inabeba 84 na ya mbele inapunguziwa 24. Usukani unakuwa mwepesi mkononi. Nimewahi kuuhisi wepesi huo nikiwa nimepakia magunia yote upande wa mbele wa tela, na sikuupenda. Siku hizi napima: mizani ya kupimia watu, kipande cha mbao juu yake, pua ya tela juu ya mbao. Ikisoma kati ya 50 na 70 naondoka.

Cha mtumba: namna ya kukitazama

Magari mengi yaliyokuja kwetu kutoka Japani hayakuja na chuma cha tela. Yaliyotokea Uingereza mengine huja nacho, na yakifa huku au yakipata ajali, chuma hung'olewa kikauzwa kama spea. Changu kilipatikana Ilala, Dar es Salaam, kikaja na basi kilomita zaidi ya 500 kikiwa kimefungwa kwenye kiroba cha unga. Nililipa 160,000 na nauli ya mzigo.

Kitu cha kwanza nilichokiomba kwa simu ni picha ya kibandiko. Kibandiko hutaja gari ambalo chuma kiliundwa kulishika, D, S, na alama ya E ndani ya duara yenye namba ya nchi pembeni. Chuma kisicho na kibandiko si lazima kiwe kibovu, ila hapo unanunua paka ndani ya gunia. Usikubali maneno ya "hiki kinaingia gari lolote". Kinachoingia gari lolote kinaingia kwa tindo na gesi.

Kitu cha pili: kimetokaje kwenye gari lake la zamani? Wang'oaji wenye haraka wakikuta boliti imeshikana na kutu hukata kwa gesi, na wakikata, hukata popote. Kuna chuma nilikikataa kwa sababu mkono wa kulia ulikuwa mfupi kwa inchi mbili kuliko wa kushoto, na mwisho wake umeyeyuka kama mshumaa. Muuzaji alisema, "Utaongezea kipande, kaka." Hapo nikaona ninauziwa chuma cha kuchomelewa kwa bei ya cha kiwanda.

Cha tatu, rangi mpya. Ukiona rangi nyeusi imepakwa jana, chukua msasa ukwangue kwenye kona zote. Nilikwangua changu kilipofika nikakuta kutu ya juujuu, ile nyekundu inayotoka kama unga, na chini yake chuma kigumu. Hiyo haina neno. Kutu ya kuogopa ni ile inayobanduka kwa magamba na kuacha mashimo. Huku pwani huanzia ndani ya mabomba, pale ambapo maji ya chumvi yakiingia hayatoki. Gonga kwa nyundo ndogo kutoka mwisho hadi mwisho. Penye sauti ya kufa, simama hapo.

Cha nne, kichwa. Kichwa cha mviringo cha Ulaya ni milimita 50. Cha Marekani kinaweza kuwa inchi 2, yaani 50.8, au inchi moja na saba ya nane, yaani milimita 47.6. Kwa macho huwezi kuvitofautisha, na kikombe cha tela lako kitakubali kukaa juu ya kidogo kisha kikuage kwenye tuta. Chukua kalipa, kile kipimo cha kubana, upime kwa pande kadhaa, maana kichwa hulika upande mmoja. Kikishuka hadi 49 badilisha. Kwenye chuma changu kichwa kimeshikwa kwa boliti mbili nene za milimita 16, kinatoka chenyewe, kwa hiyo kubadilisha ni kazi ya dakika kumi.

Siku ya kufunga

Uzuri wa chuma cha gari hilohilo ni kwamba kazi yenyewe haina ujuzi wa ajabu. Ina subira. Niliweka kabari tairi za mbele, nikainua nyuma kwa jeki, nikakalisha gari kwenye stendi mbili. Narudia, stendi. Jeki ni ya kuinulia, si ya kulalia chini yake. Bampa la nyuma lilitoka kwa skrubu na klipu za plastiki, na klipu nne zilivunjika kwa uzee.

Kisha nikazitafuta nati. Maboksi yalikuwa na vizibo vidogo vya mpira, na nyuma ya vizibo kulikuwa na matundu ambayo miaka ishirini hayajaona boliti. Niliingiza kidole nikakitoa na tope la kahawia lenye mchanga. Nilipiga mafuta ya kulegeza kutu, nikanywa chai, nikapiga tena. Halafu nikapitisha tepu ya kuchonga nyuzi, robo mzunguko mbele, robo nyuma, kila ikishika naitoa naifuta. Tundu la tatu la kushoto lilinichukua saa nzima. Ukilazimisha boliti kwenye nati yenye uchafu, nati inang'oka ndani ya boksi na kuzunguka na boliti yako, na huna mahali pa kuingiza spana. Hapo ndipo watu hukata tamaa na kumwita mchomeleaji. Kwa hiyo saa ile moja ndiyo iliyoniokoa.

Chuma kilipokaa, nilizianzisha boliti zote kwa vidole kabla ya kukaza hata moja. Hii ni siri ndogo: ukikaza ya kwanza, ya sita haitafika tundu lake. Boliti nilinunua mpya, zenye 8.8 kichwani, alama ya uimara wake. Boliti nyingi za bei rahisi hazina namba yoyote, na hizo ni za kufungia madawati. Spana ya kupimia niliazima. Boliti ya milimita 12 ya 8.8 huhitaji karibu nyutonimita 80, ambazo ni sawa na kuning'iniza kilo 16 kwenye mpini wa nusu mita; kama chuma kimekuja na karatasi yake, fuata namba ya karatasi. Kabla ya kufunga nilikwangua rangi iliyochakaa kwenye boksi, nikapaka rangi ya kuzuia kutu, na mwisho nikajaza grisi kwenye vichwa vya boliti. Hewa ya Mtwara haiachi chuma kitupu.

Baada ya kilomita kama 1,000 nilirudi chini ya gari na spana ileile. Boliti mbili zilikubali robo mzunguko. Tangu hapo hazijasogea.

Kasoro moja ya RAV4 hii haitegemei chuma gani umefunga: mlango wa nyuma hufunguka kwa ubavu, na tairi la akiba liko juu yake. Ukishafunga tela, mlango unagonga gurudumu dogo la pua ya tela. Kila kitu unachokihitaji njiani kitoe kwenye buti kabla hujaunganisha. Mimi na shemeji tumelisahau hilo mara nyingi kuliko tunavyokiri.

Kipya cha kuchomelewa

Shemeji alimaliza kwa siku moja. Alilipa 250,000 akarudi nyumbani na kitu kizuri kwa macho: bomba la mraba nene, bamba la kichwa, rangi nyekundu. Aliambiwa hata Fuso linavutwa kwa chuma kile. Huenda kweli. Tatizo ni kwamba Fuso lingevutwa pamoja na mkia wa RAV4 wenyewe.

Bomba lile lilichomelewa moja kwa moja kwenye maboksi ya bati, mshono mfupi kila upande, kwenye ncha za nyuma kabisa. Fikiria chuma kinene kisichokubali kupinda kimeshikana na bati jembamba kwenye sehemu yenye upana wa kiganja. Kila tuta, kila breki, nguvu yote inaishia kwenye ukingo wa mshono. Na bati lililo kando ya mshono limeshapata moto. Si lilelile la kiwandani tena. Rangi na kinga ya ndani ya boksi iliungua siku ileile, upande ambao brashi haifiki. Masika ya kwanza kutu ikaanza kula kutoka ndani.

Hakuna kilichokatika barabarani, tumshukuru Mungu. Dalili ya kwanza ilikuwa sauti, "tik", kila akipita tuta na tela. Ya pili ilikuwa maji ndani ya buti mvua za Januari. Alipoinua zulia la buti ili kufagia vumbi la korosho, akaona mstari mwekundu mwembamba kama uzi wa sindano, umetoka kwenye ukingo wa mshono umekwenda zaidi ya kidole kizima. Aliweka ncha ya bisibisi, ikazama.

Simlaumu fundi aliyemfanyia. Alifanya alichoombwa, na mshono wenyewe ulikuwa imara. Ni bati lililopasuka, si mshono. Na ndiyo maana nasema unene wa chuma ni swali la pili.

Sasa, usinielewe kwamba mchomeleaji hafai. Ukiwa na Hilux au Land Cruiser, mambo yanabadilika, kwa sababu mhimili wa chesisi ni chuma cha kweli. Hapo chuma kilichoundwa hapa Mtwara au Lindi kinaweza kukufaa miaka mingi, kwa sharti moja: kichomelewe mezani, gari likiwa mbali, halafu kifungwe kwenye chesisi kwa boliti. Kikiharibika unakifungua. Kikifanikiwa, ukiuza gari unakitoa.

Hata mwenye gari la bodi kama letu, akikosa kabisa cha mtumba cha gari lake, anaweza kwenda njia hiyohiyo, ila aongeze masharti. Mikono iwe mirefu, ilale kando ya boksi angalau kama urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi kifundo. Pawe na bamba upande wa pili ili boliti isivute bati peke yake. Na ndani ya boksi, kila boliti ipitie kwenye kipande cha bomba kilichokatwa sawasawa na upana wa boksi. Bila kipande hicho, ukikaza unalikunja boksi, na likishakunjika boliti inalegea yenyewe. Fundi atakayekuelewa unapomweleza habari ya kipande cha bomba, mpe kazi. Atakayecheka, mwachie milango na madirisha.

Na kama ni lazima moto ufike kwenye gari lenyewe kwa sababu yoyote, nyaya za betri zitoke kwanza. Kompyuta ya gari inaweza kuungua kwa umeme wa kuchomelea.

Urefu wa kichwa kutoka chini ni jambo ambalo mchomeleaji anaweza kukushinda au kukupendeza. Chuma cha Ulaya huweka katikati ya kichwa kati ya milimita 350 na 420 kutoka ardhini gari likiwa na mzigo. Matela yetu ya kuundwa mtaani kila moja lina urefu wake. Tela langu lilikuwa juu mno kwa kichwa changu, likawa limeinama mbele kama mtu anayetafuta sarafu. Nililipeleka kwa mchomeleaji ashushe pua. Kwa hiyo kila mtu hatimaye anafika kwa mchomeleaji. Afadhali ufike na tela kuliko na gari.

Umeme, pale nilipojidanganya

Boliti nilizifunga vizuri. Nyaya zikaniumbua.

Plagi ya tela ya kawaida ya Ulaya ina pini saba, na rangi zake hazina utata: manjano ni indiketa ya kushoto, kijani ya kulia, nyeusi taa ndogo ya kushoto, kahawia ya kulia, nyekundu breki, bluu taa ya ukungu, nyeupe ni hasi. Nikasema, nyaya saba, mtoto wa darasa la tano anaweza. Nikabana kila waya kwenye waya wa gari kwa vile viunganishi vya plastiki vinavyokata ngozi ya waya kwa kisu kidogo cha ndani. Hasi nikaifunga kwenye skrubu yenye rangi.

Ilifanya kazi wiki tatu. Jioni moja natoka Nanguruwe na tangi la maji, nakanyaga breki, dereva wa nyuma ananipigia honi kwa fujo. Nikashuka. Taa za tela zilikuwa zinawaka zote kwa unyonge: ukikanyaga breki, indiketa nazo zinafifia na kuwaka pamoja. Kama umewahi kuona hivyo kwenye tela la mtu, mwambie hasi yake mbovu. Umeme unatafuta njia ya kurudi nyumbani kupitia balbu nyingine. Skrubu yangu ilikuwa imeota kijani. Na nilipofungua vile viunganishi, shaba ndani yake ilikuwa imekuwa unga.

Fundi umeme wa magari alinitoza 60,000. Aliunganisha kwa kulehemu na kufunika kwa mpira unaojibana kwa joto, akapeleka hasi kwenye chuma kilichokwanguliwa hadi kung'aa, akaweka rilei ya pembeni, swichi inayowashwa kwa umeme, yenye fyuzi yake ili indiketa za tela, wati 21 kila upande, zisilemeze ile ya gari. Alinyamaza muda wote akifanya kazi, isipokuwa mara moja aliposhika kiunganishi changu kimoja kwa vidole viwili, akakitazama, akakitupa. Kwa magari mapya zaidi ambayo kompyuta inahesabu kila balbu, hii rilei si hiari.

Shemeji alikuwa mjanja hapa: mchomeleaji wake alimwambia umeme si kazi yake, akaenda kwa fundi umeme siku ileile. Taa zake hazijawahi kuzima. Kwa upande wa umeme amenishinda wazi.

Gharama ilivyoishia

Nikijumlisha chuma, usafiri, boliti, rangi, klipu za bampa na fundi umeme, mimi nilitumia 290,000 na wikiendi moja. Shemeji alitumia 310,000 na siku moja. Ukiishia hapo, yeye ndiye aliyechagua vizuri, kwa sababu wikiendi ya mtu ina thamani. Ila mwaka wa pili alilipa tena: kukata kile chuma, kuziba mpasuko, kunyoosha sakafu ya buti, rangi. Hakuniambia ni kiasi gani, na shemeji yangu si mtu wa kuficha bei akiwa amepata nafuu.

Sasa amepata cha mtumba kama changu. Mwezi uliopita alikuja nacho Mtwara tukifunge pamoja. Maboksi yake yana viraka, kwa hiyo tundu moja la nyuma kila upande halipo tena, na nilimwambia kabisa kwamba kwa viraka vile asipakie zaidi ya gunia tatu, nusu ya ninazobeba mimi. Alikubali haraka mno, jambo lililonitia wasiwasi. Tuliinua gari, tukakwangua, tukapitisha tepu kwenye nati zilizobaki, na mara hii mimi nilikaa kwenye kivuli cha mkorosho nikishika tochi huku yeye akilala chini na kutukana. Umeme hatukuugusa. Alipomaliza kukaza ya mwisho aliniomba tela langu aende nalo Lindi kwa wiki mbili. Nilimpa. Spana ya kupimia niliingiza ndani.